Lahajedwali: Karatasi Inayojipigia Hesabu

Lahajedwali ni programu ya kompyuta inayogawa skrini katika visanduku vidogo vilivyopangwa kwa safu na mistari. Kila kisanduku huitwa seli, na kila seli ina anwani yake. Safu hupewa herufi na mistari hupewa namba, kwa hiyo seli iliyo kwenye safu ya pili, mstari wa tano, ni B5. Microsoft Excel imezoeleka kiasi kwamba watu wengi husema Excel wakimaanisha programu yoyote ya aina hii. Google Sheets hutumika kupitia intaneti, na LibreOffice Calc hupatikana bure. Zote zina kanuni moja, na anayeimudu mojawapo hapati taabu kubwa kuhamia nyingine.

Kanuni yenyewe ni kwamba seli hubeba moja kati ya vitu viwili vilivyo tofauti kabisa. Inaweza kubeba kilichoandikwa na mtu, yaani neno, namba au tarehe. Au inaweza kubeba fomula, yaani agizo la kutafuta jibu kutoka kwenye seli nyingine. Fomula huanza na alama ya =. Ikiandikwa =C5*D5 ndani ya seli E5, kinachoonekana ni jibu, na fomula yenyewe husomeka kwenye upau ulio juu ya jedwali. Namba ya C5 ikibadilishwa, E5 hubadilika papo hapo, pamoja na kila seli inayotegemea E5, hata kama ziko mia tano. Ofisi nyingi hazijavuka mpaka huu. Jedwali huchorwa vizuri na kupakwa rangi, hesabu hupigwa pembeni kwa kikokotoo, kisha jibu huandikwa kwa mkono ndani ya seli. Kompyuta iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hubaki kuwa taipureta yenye mistari.

Kabla ya programu hizi, wahasibu walitumia karatasi pana zenye safu nyingi. Kukadiria faida ya mwaka kulihitaji kujaza mamia ya namba kwa penseli, na makadirio ya gharama moja yakibadilika, mlolongo mzima ulipaswa kufutwa na kupigwa upya. Majaribio ya kuondoa adha hiyo yalianzia kwenye kompyuta kubwa. Mwaka 1969 Rene Pardo na Remy Landau walibuni programu iliyoitwa LANPAR. Iliyofika kwa mtu wa kawaida ni nyingine. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa Harvard Business School nchini Marekani, alimtazama profesa akijaza jedwali ubaoni. Kila namba moja ilipobadilika, nyingine nyingi zilifutwa na kuandikwa upya. Bricklin aliwaza ubao ambao ungejirekebisha wenyewe. Akishirikiana na Bob Frankston, aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo, walitoa VisiCalc mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II.

VisiCalc ilikuwa na safu 63 na mistari 254 tu, na ilikaa kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, kiasi ambacho leo hakitoshi hata kwa picha moja ya simu. Hata hivyo wafanyabiashara walianza kununua kompyuta ili tu waipate programu hiyo. Wabunifu wake hawakuipatia hataza, kwa kuwa wakati huo programu kupewa hataza lilikuwa jambo gumu, na wengine wakaiga bila kizuizi. Mwaka 1983 Lotus 1-2-3, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya IBM, iliipiku. Microsoft ilitoa Excel mwaka 1985, kwanza kwa kompyuta za Macintosh, kisha kwa Windows mwaka 1987. Excel ya sasa ina mistari 1,048,576 na safu 16,384 katika kila karatasi.

Ndani ya programu, kazi kubwa haiko kwenye kujumlisha na kuzidisha. Kompyuta huzimaliza hizo kwa kufumba na kufumbua. Kazi kubwa ni kujua nani anamtegemea nani. Kila fomula inapoandikwa, programu huingiza kwenye kumbukumbu yake seli zinazotajwa na fomula hiyo, na polepole hujenga ramani ya utegemezi. Namba ikibadilishwa, programu hufuata ramani na kupiga upya zile zinazoguswa tu, kwa mpangilio unaohakikisha kwamba hakuna fomula inayotangulia chanzo chake. Ndiyo maana jumla inaweza kuwekwa juu ya orodha, chini yake au kwenye karatasi nyingine kabisa. Kisichowezekana ni seli kujitegemea yenyewe. Fomula ya E20 inayojumlisha E1 hadi E20 huzua onyo la mzunguko, kwa kuwa jibu linahitajika kabla halijapatikana.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro linaloandika mauzo yake ya kila siku. Safu A ni tarehe, B bidhaa, C idadi, D bei, E jumla na F kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Mstari wa tano una mifuko 40 ya saruji kwa shilingi 17,000 kila mmoja. Seli E5 yenye =C5*D5 hutoa 680,000. Kiwango cha kodi, asilimia 18 kwa Tanzania Bara, kimeandikwa mara moja tu, kwenye seli H1. Fomula ya kodi inayoandikwa F5 ni =E5*H1, na jibu ni 122,400. Mpaka hapo hakuna kasoro. Kisha fomula inanakiliwa chini kwenye mistari inayofuata, na mauzo yote yaliyobaki yanaonyesha kodi ya sifuri.

Kilichotokea ni kwamba programu hainakili maandishi ya fomula, hunakili uhusiano. Kwake, =E5*H1 maana yake ni seli iliyo hatua moja kushoto, izidishwe na ile iliyo safu mbili kulia na mistari minne juu. Ikishuka mstari mmoja, uhusiano huo unakuwa E6*H2, na H2 ni tupu. Tabia hii ndiyo inayowezesha fomula moja ya jumla kutumika kwenye mistari elfu kumi bila kuandikwa tena. Kwa kiwango cha kodi, anwani inapaswa kufungwa kwa alama ya dola: =E5*$H$1. Kitufe cha F4, kikibonyezwa wakati wa kuandika fomula, huziweka alama hizo chenyewe. Kufunga safu peke yake ($H1) au mstari peke yake (H$1) kunawezekana pia. Anayeelewa tofauti hii amekwisha kuelewa nusu ya lahajedwali. Wengi wanaosema kwamba Excel ni ngumu walikwama hapa na hakuna aliyewaeleza.

Kuweka kiwango kwenye seli moja badala ya kuandika 0.18 ndani ya kila fomula kuna faida iliyo wazi, lakini kuna mtego ambao vitabu vingi vya mafunzo haviutaji. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, kisha ikairudisha Januari 2021. Mwenye duka aliyebadili seli moja tu alipata hesabu sahihi za siku hiyo na kuendelea, na papo hapo akaharibu hesabu za miezi iliyopita, kwa kuwa nazo zilisoma seli ileile. Kwa kitu kinachobadilika kwa tarehe, kama kiwango cha kodi, bei au thamani ya dola, njia salama ni jedwali dogo la viwango lenye tarehe ya kuanza ya kila kimoja. Kila muamala hutafutiwa kiwango cha siku yake.

Utafutaji huo una fomula zake. Iliyozoeleka ni VLOOKUP, ambayo huchukua jina la bidhaa, ikalitafuta kwenye safu ya kwanza ya jedwali la bei, na kurudisha bei iliyo kwenye mstari huohuo. Sehemu yake ya nne hurukwa mara nyingi. Ikiandikwa FALSE, programu hutafuta jina lilelile hasa, na ikikosa hutoa #N/A. Ikiachwa, programu huchukulia kwamba orodha imepangwa kwa kufuata alfabeti na kwamba jibu la karibu linatosha. Kwa hiyo ankara yenye bati la geji 30, ambalo halijaingizwa kwenye orodha, inaweza kupewa bei ya geji 28 bila onyo lolote. Tabia hiyo inafaa kwa viwango vya tarehe, ambako kiwango cha mwisho kilichotangulia ndicho kinachotakiwa, na ni hatari kwa majina ya bidhaa. XLOOKUP, iliyoongezwa kwenye matoleo mapya ya Excel, hutafuta kilicho sawasawa isipokuwa imeagizwa vinginevyo.

Fomula nyingine zinazohitajika kwenye biashara ya kawaida hazifiki kumi. SUM hujumlisha na IF huamua kati ya mambo mawili. SUMIFS hujumlisha kwa masharti, kwa mfano mauzo ya saruji ya mwezi Machi yaliyolipwa kwa simu, na COUNTIFS huhesabu kwa namna hiyohiyo. TRIM huondoa nafasi za ziada kwenye maneno. Programu zina mamia ya fomula zaidi ya hizo, nyingi zikiwa za wahandisi, wanatakwimu na watu wa benki, na kozi zinazoahidi kuzifundisha zote humchosha mwanafunzi bure.

Kinacholeta kasi kuliko fomula yoyote ni mpangilio wa data. Lahajedwali huwapa watu uhuru wa kuandika popote, na uhuru huo ndio unaowaponza. Kosa lililoenea ni kuandika orodha kana kwamba ni ripoti. Kila mwezi hupewa karatasi yake, kichwa cha habari huwekwa kwenye seli zilizounganishwa, mistari huachwa wazi ili kupendezesha, na jumla ndogo hupachikwa katikati. Ukurasa kama huo husomeka ukichapishwa, lakini kompyuta haiwezi kuuuliza swali. Orodha inayofaa haina urembo. Kila mstari ni muamala mmoja, kila safu ni aina moja ya taarifa, vichwa vya safu vimekaa mstari mmoja, na miezi yote imefuatana kwenye karatasi moja. Ripoti hutengenezwa mahali pengine, kutokana na orodha hiyo.

Chombo cha kutengenezea ripoti ni jedwali la muhtasari, ambalo watumiaji huliita pivoti. Orodha ya mauzo elfu ishirini hugeuzwa kuwa jedwali la bidhaa kwa miezi, au la wauzaji kwa njia za malipo, kwa kuburuta vichwa vya safu tu, bila fomula hata moja. Meneja akiuliza jambo jingine, jedwali hupangwa upya kwa sekunde chache. Kwa mtu ambaye amekuwa akikesha kila mwisho wa mwezi kuandaa ripoti, hapa ndipo muda mwingi zaidi unapookolewa, na ni ajabu kwamba mafunzo mengi huliweka mwisho, wakati muda wa darasa umekwisha.

Pivoti haisamehi uandishi wa ovyo. Kwake, Saruji na Simenti ni bidhaa mbili, na Saruji yenye nafasi tupu mbele yake ni ya tatu. Dawa ni kuzuia kosa mlangoni. Sehemu ya udhibiti wa data huwezesha seli kukubali tu majina yaliyomo kwenye orodha iliyowekwa, ambayo hufunguka ili mwandishi achague. Amri ya Ctrl+T kwenye Excel huigeuza orodha kuwa jedwali rasmi. Mistari mipya hupokea fomula zenyewe, na pivoti iliyojengwa juu ya jedwali hilo huiona mara inapoonyeshwa upya. Njia nyingine za mkato zinazolipa haraka ni Ctrl pamoja na mshale kwa kuruka hadi mwisho wa orodha, Alt na = kwa jumla, na Ctrl na nukta mkato kwa kuandika tarehe ya leo.

Namba nazo zina hila zao, na zinawagusa watu wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake, kwa kuwa programu huiona kama kiasi, na kiasi hakianzi na sifuri. Kosa hilo hurekebishika. La kitambulisho cha taifa cha Tanzania halirekebishiki. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ikiandikwa bila vistari, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri na zilizokuwepo hazipatikani tena ndani ya faili hilo. Karatasi ya wafanyakazi au ya wanachama wa kikundi cha mikopo inaweza kuharibika yote kwa namna hii, kila mtu akibaki na namba inayofanana na ya kweli kwa mbali. Safu ya namba za simu, za akaunti na za vitambulisho inapaswa kupewa umbo la maandishi kabla ya kuanza kujazwa. Kitu kisichojumlishwa si namba, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu.

Tarehe ni kinyume chake. Ina sura ya maandishi, lakini ndani ni namba ya siku zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1900, ambayo ni siku ya 1. Tarehe 1 Januari 2025 ni 45658. Kwa sababu hiyo umri wa deni hupatikana kwa kutoa tu: =TODAY()-A5. Kalenda ya Excel ina hata siku ambayo haikuwahi kuwepo, 29 Februari 1900. Kosa hilo lilikuwa kwenye Lotus 1-2-3, na Microsoft ililiacha makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke bila hitilafu. Lenye madhara zaidi ni mpangilio wa nchi. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani husoma 3/4/2025 kuwa tarehe 4 Machi, na 25/4/2025 huiacha kama maandishi tu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Orodha moja hubaki na tarehe zilizogeuzwa kimyakimya na nyingine ambazo si tarehe kabisa.

Desturi za nchi huonekana pia kwenye fomula. Excel ya Kifaransa, inayokutwa kwenye ofisi za Lubumbashi na Bujumbura, huita SUM kwa jina la SOMME na IF kwa jina la SI, na hutenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato kwa kuwa mkato wa kawaida hutumika kwenye desimali. Faili likitoka Nairobi kwenda huko hujitafsiri lenyewe. Fomula iliyonakiliwa kutoka kwenye somo la intaneti haijitafsiri, na hukataliwa.

Makosa yanayotangazwa na programu, kama #REF! au #DIV/0!, hayana madhara makubwa kwa sababu yanaonekana. Yaliyogharimu ni yale ya kimya. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 mwaka 2020, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikosa kuhesabu watu 15,841 walioambukizwa Uviko-19. Matokeo ya maabara yalikuwa yakiingizwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yalidondoka. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, ila watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati.

Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake husinyaa, kwa wastani wa asilimia 0.1. Matokeo hayo yalitajwa sana na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa University of Massachusetts Amherst, alipewa faili lao na kukuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Yeye na walimu wake walipata ukuaji wa asilimia 2.2. Fomula ile ilichangia sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo, na sehemu kubwa ilitokana na data zilizoachwa pamoja na uzito uliopewa kila nchi. Lakini bila faili kufunguliwa, hakuna lolote kati ya hayo ambalo lingejulikana.

Kinga ya makosa ya namna hiyo ni kupata jibu lilelile kwa njia mbili. Jumla ya mauzo kwa bidhaa ilingane na jumla kwa siku, na zote mbili zilingane na taarifa ya benki na ya pesa za simu. Seli moja inayotoa jumla moja kutoka nyingine, na ambayo siku zote inapaswa kuonyesha sifuri, hufanya ulinzi huo bila mshahara. Seli za fomula hufungwa ili zisifutwe kwa bahati mbaya. Faili linalotumiwa na wengi huwekwa mahali pamoja kwenye mtandao, ambako Google Sheets na Excel mpya hutunza historia ya mabadiliko. Hali hiyo humaliza ule msururu wa mafaili yanayoitwa bajeti ya mwisho, bajeti ya mwisho mpya na bajeti ya mwisho 3.

Lahajedwali haiwezi kila kitu. Haitoi risiti ya kodi. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya mashine ya kielektroniki ya risiti, yaani EFD. Nchini Kenya, mamlaka ya mapato, KRA, hutoa fomu za marejesho ya kodi za mfumo wake wa iTax kama faili la lahajedwali, lakini kulijaza hakufanyi kazi ya kitabu cha hesabu. Wauzaji kadhaa wanapouza kwa wakati mmoja kutoka stoo moja, au mishahara inapohusu watu wengi na siri zao, hifadhidata au programu ya uhasibu hufaa zaidi, kwa kuwa hizo humzuia mtu kuandika kisichoruhusiwa na hukumbuka nani aliandika nini. Kuhama huanza kwa kutoa data kwenye lahajedwali kama faili la CSV, ambalo hubeba maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Orodha iliyopangwa muamala kwa mstari huingia kwenye mfumo mpya kwa mchana mmoja. Iliyojaa seli zilizounganishwa na jumla za katikati huandikwa upya kwa mkono.